Usiku Vijana Walipopiga Nyimbo za Baba Zao

Wanangu, kumbi za dansi za usiku hazipokei watoto, na ndivyo inavyopasa. Siku yenu ikifika mtaingia. Kwa leo sogeeni niwasimulie, maana Jumamosi iliyopita nilikwenda Sinza, hapa hapa Dar es Salaam, kusikiliza bendi ya mtaani inayopiga zilipendwa za miaka ya 1980. Ni zile nyimbo ambazo baba akizisikia redioni huongeza sauti, na mama aliye jikoni hupokea kiitikio bila hata kujijua kwamba anaimba.

Ukumbi wenyewe ni bustani ya baa: paa la makuti, viti vya plastiki, moshi wa nyama choma, na mbele kuna jukwaa la saruji lililoinuka kiasi cha goti. Nilifika mapema kwa makusudi. Anayetaka kuielewa bendi asingoje dansi lianze. Aende wakati vyombo vinafungwa, kwa sababu hapo kila chombo husikika peke yake kabla hakijamezwa na vingine.

Spika zilishushwa kutoka kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Zikafuata drams, tumba tatu na kinanda. Kisha yakatoka magitaa manne, na hapa nisikilizeni vizuri. Gitaa la kwanza ni la solo, lile linalolia juu na kutamba. La pili huitwa sekondi solo. Hilo hushika kipande kifupi na kukirudia rudia katikati ya solo na mengine. La tatu ni ridhimu, ambalo kazi yake ni kushikilia wimbo usiyumbe. La nne ni besi, lenye nyuzi nene. Pembeni alikaa mzee mwenye mvi akifuta tarumbeta yake kwa kitambaa, na jirani yake kijana wa saksafoni. Aliyeshika solo alikuwa kijana pia, mwembamba, kavaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Nyimbo alizokuja kupiga zilirekodiwa kabla hajazaliwa.

Bendi ya namna hii husemwa inapiga kopi. Nyimbo si zake. Amezitunga mtu mwingine, zikavuma, nayo inazirudia. Wapo wanaoidharau kazi hiyo wakidhani ni ya wavivu. Mimi naiheshimu sana, na nikimaliza kuwasimulia natumaini nanyi mtaiheshimu.

Kwanza mjue nyimbo hizo zilitoka wapi. Katika miaka ya 1980 bendi nyingi kubwa za Tanzania hazikuwa mali ya wanamuziki, zilikuwa za mashirika na taasisi. JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, shirika la mabasi ya jiji lilikuwa na UDA Jazz, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Ndiyo maana wazee wanaitaja kwa heshima zote, DDC Mlimani Park, wana Sikinde.

Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara mwisho wa mwezi, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya shirika. Akihama, gitaa lilibaki na yeye akaondoka na vidole vyake. Na walihama kweli kweli! Muhiddin Maalim Gurumo alitoka NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioiasisi Mlimani Park, halafu mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Mwishowe akarudi nyumbani Msondo, akaimba huko mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2014. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kuchezea, na kila mtindo ulikuwa na mashabiki wake. Msondo na Sikinde walishindana miaka na miaka. Mtu wa Msondo hakukubali kusikia kwamba Sikinde wana wapulizaji wazuri zaidi, na mtu wa Sikinde naye hakukubali kinyume chake.

Basi saa tatu na nusu usiku bendi yetu ya Sinza ikaanza, na ikaanza na wimbo wa Sikinde.

Wimbo wa dansi wa enzi zile una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kusimulia. Mwendo ni wa taratibu, magitaa yananong'ona, na mwimbaji anaeleza jambo tangu mwanzo: ndoa iliyoingiliwa na ndugu, rafiki aliyegeuka, mtoto aliyesahau wazazi kijijini, mtu aliyeondoka bila kuaga. Nyimbo hizi zilitungwa kwa Kiswahili cha kufikiriwa, chenye methali na mafumbo, kwa kuwa zilikuwa zinakwenda redioni kusikilizwa na nchi nzima, mkubwa na mdogo wakiwa sebule moja. Pale Sinza watu walikuwa bado wamekaa. Wengine walifumba macho. Meza ya jirani yangu walikuwa wanabishana kuhusu bei ya kiwanja, wakanyamaza, kwa sababu ukipitwa na mstari mmoja wa kisa hutaelewa kwa nini mhusika analia mwishoni.

Halafu inakuja sehemu ya pili, ambayo wenyewe wanaiita chemko. Mpiga drams anagonga ishara, mwendo unapanda, waimbaji wanarudi nyuma, na magitaa yanaingia mbele. Hapo niliwaangalia wapiga magitaa vidoleni, nikawaza jinsi wanawake wanavyotwanga kinu kimoja kwa michi mitatu: huyu anashusha, yule anainua, wa tatu yuko katikati, na hakuna mchi unaogonga mwingine. Ridhimu ilishusha, sekondi ikajaza pengo, solo ikapita juu ya pengo lililobaki. Ukimtoa mmoja utasikia shimo. Besi nayo haikukimbia mfululizo; iligonga mara mbili, ikanyamaza, ikagonga tena, na ule ukimya wake ndio uliofanya watu watingishe mabega. Kisha mzee wa mvi akasimama, akaweka tarumbeta mdomoni, na ukumbi mzima ukasimama naye.

Wanangu, hapo ndipo ugumu wa kopi ulipo. Ukitunga wimbo wako ukakosea, nani atajua? Ukipiga wimbo wa Sikinde ukakosea noti moja ya tarumbeta, watu mia watageuza shingo kwa pamoja. Wamekuwa nao tangu ujana wao. Wameoa nao, wamezika nao.

Bendi ilipopumzika, kijana wa solo alikuja mezani kwetu kunisalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile chemko ya kwanza umejifunza kwa nani?"

"Kwa simu, mzee. Nasikiliza kipande kidogo, nasimamisha, nakitafuta kwenye nyuzi. Nikikosa narudia. Kile kipande cha mwisho kilinihangaisha sana."

Mzee wa tarumbeta alikuwa amesimama nyuma yake, akacheka. "Noti alikuwa ameshazipata zote," akasema. "Lakini aliyepiga kwenye rekodi alikuwa akichelewesha kidole kidogo sana pale kabla ya kushuka. Huyu mwanangu alikuwa hachelewi. Wimbo ni uleule, lakini watu hawainuki vitini. Nilimkalisha kibarazani kwangu mpaka akachelewa."

Nilimwomba kijana anionyeshe. Alilichukua gitaa lake bila kuliunganisha na spika, akapiga kile kipande mara mbili mezani petu. Mara ya kwanza kidole kilishuka kwa wakati wake. Mara ya pili kilisubiri kidogo juu ya uzi, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndipo kikashuka. Jirani yangu wa bei ya kiwanja akasema, "Aaa! Hiyo ya pili ndiyo yenyewe!" Wala yeye si mwanamuziki.

Mnaweza kuuliza: kwa nini kijana ajifunze kwa kuviziavizia namna hiyo? Hakuna kitabu? Hakuna. Nyimbo hizi hazikuandikwa noti. Nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja, waimbaji na wapulizaji wakigawana vipaza sauti vichache. Hakukuwa na kurekodi sauti leo na gitaa kesho kama wanavyofanya wasanii wenu. Mmoja akikosea mwishoni, wote wanaanza upya. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Sahani zilichapwa Nairobi, na kati ya mwaka 1977 na 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kwa hiyo redio ndiyo iliyobeba kila kitu. Watu waliwarekodi wanamuziki kutoka redioni kwa kaseti, kaseti zikanakiliwa mitaani, na mtunzi hakuona senti. Kilichobaki leo ni kanda za redio, na vichwa na vidole vya watu waliokuwepo.

Nanyi msidhani kopi imeanza na vijana wa leo. Wale wakongwe wenyewe walianza hivyo hivyo. Kabla ya uhuru zilifika hapa kwetu sahani za muziki wa Kuba, na vijana wa mijini wakazisikiliza kwenye gramafoni, wakiziiga bila kujua Kihispania. Morogoro, Salum Abdallah akaipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Waliiga rumba mpaka ikazoea midomo yao, kisha wakaitia Kiswahili, wakaitia mapigo ya ngoma za kwao, na baada ya muda ikawa kitu ambacho Mkuba mwenyewe angeomba afundishwe. Sikinde na Msondo zote mbili zilichukua majina ya mitindo yao kwenye ngoma za pwani yetu. Kuiga ilikuwa darasa lao la kwanza, na waliokaa darasani kwa adabu ndio waliotunga vizuri baadaye.

Kipindi cha pili bendi ilitupeleka Kongo bila kutuondoa Sinza. Walipiga wimbo wa Orchestra Maquis. Wanamuziki wa Maquis walitoka Lubumbashi wakahamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, wakajifunza kuimba Kiswahili chetu huku wakituletea magitaa ya kwao. Walijinadi kwa kusema "Kamanyola bila jasho", na nikiwatazama watu wazima waliokuwa wakicheza pale Sinza, naelewa walikuwa na maana gani: miguu haipandi, mikono haitupwi, kiuno kinajibu besi polepole na uso umetulia. Fredy Ndala Kasheba naye alitoka Kongo, akajulikana hapa kwa gitaa lake la nyuzi 12. Sekondi solo wetu hana gitaa hilo, basi kinanda kikamsaidia kuujaza ule mlio.

Kisha mwimbaji akatangaza wimbo wa Remmy Ongala, na vijana wachache waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akaiongoza Super Matimila. Aliimba habari za maskini, za kifo, za ubaguzi, bila kumung'unya maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alipanda majukwaa ya Ulaya na kurekodi huko, akaimba Kiswahili kilekile cha Sinza. Nyumba yake ilikuwa eneo hilohilo tulilokuwa tumekaa. Hadi leo kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Alifariki mwaka 2010. Nilimwona mama mmoja mwenye kitenge cha bluu akitoka kitini, akapanda jukwaani, akabandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso la mwimbaji, akacheza hatua tatu nne na kurudi kukaa. Hiyo inaitwa kutuza. Hampi kwa sababu ameomba. Anampa kwa kuwa ameguswa, na anataka watu wote waone kwamba ameguswa.

Nairobi nayo haikusahauliwa. Walipiga "Sina Makosa" wa Les Wanyika, na hapo hata wahudumu walisimama na trei zao wakaimba. Kundi hilo lilimeguka kutoka Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, waliovuka mpaka wakaenda kujenga jina Kenya. Kwa hiyo mkisikia Mkenya na Mtanzania wanagombania wimbo huo ni wa nani, waambieni ni wa wote wawili, wakacheze.

Karibu na saa sita ikafika zamu ya "Kitambaa Cheupe" wa King Kiki. Huyu jina lake la kuzaliwa ni Kikumbi Mwanza Mpango, Mkongo aliyefanywa wetu kwa miaka mingi ya kuishi hapa. Wimbo huo hauchezwi mikono mitupu. Watu walitoa leso, wengine karatasi za kujifutia mikono, na mmoja alivua kofia yake ya kufuma, zote zikapepea juu. King Kiki aliendelea kupiga zilipendwa na bendi yake ya Wazee Sugu hadi alipokuwa mtu mzima sana, na alifariki mwaka 2024. Mwimbaji wa Sinza, kabla ya kuanza, alilitaja jina lake lote na kusema mwenye wimbo ameshatangulia. Nilifurahi. Bendi inayopiga kopi ina deni hilo: kumtaja mwenyewe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosema kazi ya sanaa ina mwenyewe na mwenyewe ana haki zake. Lakini kabla ya sheria kuna adabu, na adabu haihitaji wakili.

Sasa niwaambie kwa nini nyimbo za namna ile hazitungwi tena kwa wingi. Si kwamba vipaji vimekwisha. Mashirika yaliyolipa mishahara yalianza kuyumba, mengine yakafa au yakabinafsishwa, na hakuna shirika linaloanguka likaendelea kulipa wapulizaji wanne. Katika miaka ya 1990 zikaja redio binafsi, Radio One ikitangulia mwaka 1994, na vijana wakapata muziki mpya ambao kompyuta moja inaweza kuufanya. Wengine waliacha dansi kwa imani yao: Cosmas Chidumule, sauti kubwa ya Sikinde, aligeukia nyimbo za Injili. Wengine wametangulia mbele ya haki. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki na kuiongoza Dar International, alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Nawapenda wasanii wa Bongo Fleva, na baadhi yao wameonyesha heshima kwa wakongwe hawa kwa kurudia nyimbo zao. Lakini tarumbeta tatu zinazojibizana na magitaa manne hazijifunzwi kwenye kompyuta. Zinajifunzwa na watu waliokaa pamoja jioni nyingi, wakikosea na kurekebishana.

Ndiyo sababu nawathamini wale wanamuziki wa Sinza. Rekodi inaweza kuhifadhi sauti ya wimbo, lakini haiwezi kumwambia kijana kwamba kidole kilichelewa na kwa nini kilichelewa. Hilo lilihitaji mzee mwenye mvi, kibaraza, na kijana anayekubali kuambiwa "sivyo" na kurudia. Kila Jumamosi wanapopanda lile jukwaa la saruji, jambo lililokuwa kichwani kwa mtu mmoja linaingia vidoleni mwa mwingine, mbele yetu, na sisi tunalicheza.

Kwa hiyo nawapeni kazi. Muulizeni babu, bibi, shangazi au mjomba alikuwa shabiki wa bendi gani, na alikuwa akienda ukumbi gani. Akiwatajia wimbo, msiishie kwenye jina la wimbo: muulizeni nani alitunga, nani aliimba, nani alishika solo. Yaandikeni majina hayo kwenye daftari, maana mengi hayajaandikwa popote. Jumapili jioni zipo bendi zinazopiga sehemu ambazo familia hukaa na watoto. Ombeni mpelekwe, mkae karibu na jukwaa, mtazame vidole na si nyuso. Na mwenye gitaa nyumbani, hata likiwa na nyuzi pungufu, achague chemko moja aanze kuitafuta. Akishindwa arudie. Akishazipata noti zote, amtafute mtu aliyekuwepo enzi zile, ampe shikamoo, kisha amuulize ni wapi pa kuchelewa.